Mtoto kugeuzwa mzazi maana yake nini hasa?

Mtoto kugeuzwa mzazi ni pale ambapo ndani ya nyumba malezi yamepinduka, yani mtoto ndo anambeba mzazi, anamtuliza, anamshauri, anamfichia siri, anasuluhisha ugomvi wake, na sio siku mbili tatu mzazi akiwa anaumwa, ni miaka na miaka mpaka inakuwa ndo kawaida ya nyumba. Wataalamu wa saikolojia wanaita parentifikesheni. Mi nimelikuta kwenye kitabu cha mtumba ambacho jalada lishachanika, nilikinunua hapa Tanga kwa muuza vitabu anaetandika chini nikijua ni cha mambo ya ndoa, nikafika kurasa za katikati nikasoma aya moja mara nne.

Kwa sababu aya ile ilikuwa inaelezea usiku wa kwetu. Nina miaka tisa, tumepanga vyumba viwili Ngamiani, mama akishamlaza mdogo wangu anakuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, ananigusa mguu, "umelala?" na mi najua jibu ni hapana hata kama nilishalala. Anaanza, baba yako leo tena kaenda kule, kodi hajaacha, mi isingekuwa nyie ningeshaondoka zamani. Akimaliza anafuta macho kwa ncha ya khanga, ananambia "we ndo mwenzangu", anaenda kulala, na mi nabaki macho naangalia bati napiga hesabu ya kodi ambayo hata siijui ni shingapi. Asubuhi natumwa kwa baba kijiweni kwenye bao nikaombe hela, na njia nzima nayapanga maneno asije akapandisha hasira mbele za watu. Majirani wananisifia, huyu mtoto ana akili za kikubwa. Nilikuwa naipenda ile sifa mno.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya, maana ukisoma harakaharaka utasema basi Tanga nzima tumegeuzwa wazazi, nani hajabeba mdogo wake mgongoni, nani hajakuna nazi na kuchota maji kabla ya shule? Hapana. Wataalamu wenyewe wanatenganisha mzigo wa mikono na mzigo wa moyo. Wa mikono ni kupika, kufua, kulea wadogo, kwenda dukani. Wa moyo ni kuwa mfariji wa mama, mwamuzi wa mama na baba, mtu wa kwanza kujua kama leo nyumbani pamechafuka. Wa mikono unaweza kumchosha mtoto na ukizidi unamuharibia shule, hilo lipo, ila mara nyingi ule wa moyo ndo unaomkaa mtu mpaka ukubwani, kwa sababu ndoo ukiitua unajua umeitua, huzuni ya mama hujui inatuliwa wapi.

Salvador Minuchin, mtaalamu wa familia mzaliwa wa Argentina aliefanya kazi Marekani, yeye na wenzie mwaka 1967 waliandika kuhusu familia masikini za New York na wakamuelezea huyu mtoto anaeshika nafasi ya mzazi. Na hakusema ni balaa moja kwa moja. Alisema kwenye familia yenye watoto wengi, au mzazi yuko peke yake, au wazazi wote wanafanya kazi, mtoto kupewa sehemu ya ulezi ni jambo la kawaida kabisa na nyumba inaweza kwenda vizuri, mradi mzazi amegawa kazi hiyo waziwazi na mamlaka yamebaki kwake. Shida inaanza mzazi akishajitoa na mtoto akaachiwa usukani bila kuambiwa. Nilivosoma hivo nilipumua, maana nilishaanza kumkasirikia mama hata kwa zile siku alizonituma sokoni, na sokoni nilikuwa napenda kwenda.

Neno lenyewe, parentifikesheni, limepata nguvu mwaka 1973 kwa Ivan Boszormenyi-Nagy, daktari wa akili mzaliwa wa Hungaria aliekuwa Philadelphia, pamoja na mwenzie Geraldine Spark. Huyu Nagy alikuwa anaiona familia kama ina daftari, na kwa sisi hiyo ni rahisi kuielewa, ni kama daftari la dukani la mkopo, nani katoa nini, nani anadai, nani kalipa. Kwa mawazo yake mtoto kutoa sio tatizo, mtoto anatakiwa atoe na inamjenga. Kinachoumiza ni mtoto anatoa kila siku na hakuna anaeandika. Hakuna anaemwambia ahsante mwanangu hii haikuwa kazi yako. Halafu lile deni halifi, anakuja kulidai kwa mtu mwingine kabisa, kwa mume, au kwa mtoto wake mwenyewe nae anamgusa mguu usiku, umelala?

Mi nadhani sisi watu wa pwani tulikuwa na njia yetu ya kuzuia hili. Siri za ndoa zilikuwa na wenyewe. Mwanamke ana somo yake, ana kungwi, ana shoga wa kufa na kuzikana, ana wifi wanaeelewana, huko ndo maneno ya chumbani yalikuwa yanapelekwa, na mtoto akisogea anafukuzwa, toka hapa, haya mazungumzo ya wakubwa. Tulikuwa tunaona tunaonewa, kumbe tunakingwa. Mama yangu alitoka kwao Pangani akaja mjini hana mtu, somo yake keshafariki, mawifi hawapatani nae, basi yale maneno yakakosa pa kwenda yakaja kwangu. Hili kitabu hakikunambia, hili nimeliona mwenyewe baada ya kitabu kunipa jina, na jina likishapatikana vitu vingine vinaanza kuonekana vyenyewe.

Hivi vitabu vya mtu kujisaidia mwenyewe kimaisha navo uvijue asili yake kidogo. Samuel Smiles, Mskoti, alitoa kitabu kilichoitwa Self-Help mwaka 1859, na humo hamna habari za malezi mabaya, ni bidii na kuweka akiba. Mwaka mmoja nyuma yake, 1858, huku kwetu upande wa Pate Mwana Kupona alikuwa anamtungia binti yake utenzi wa wosia. Wosia unakwenda njia moja, mzazi anamwambia mtoto ishi hivi. Vitabu vinavomuuliza mtu mzima wewe ulilelewaje vimekuja baadae sana, vilishamiri Marekani miaka ya 1980, na vingi vilianza na watu waliokulia kwenye nyumba za wazazi walevi. Kwa hiyo ukivisoma kumbuka viliandikiwa nani. Vikikwambia kata mawasiliano na mama, alieviandika anamuwazia mtu anaekaa peke yake mji mwingine, we mama yako yuko chumba cha uani na Ijumaa kuna arubaini ya mjomba mnatakiwa wote. Chukua maelezo, ushauri upime mwenyewe.

Na zile orodha za dalili ziogope kidogo. Unapenda kuwafurahisha watu? Unashindwa kukataa? Unajilaumu? Nani hana hizo. Mi nilijiwekea utaratibu, kila dalili nikiona inanihusu naandika pembeni kwa penseli tukio, mwaka, na nani alikuwepo. Kama sina tukio naifuta, hata kama imenigusa. Orodha ya dalili kumi na tano ilibaki na nne, ila hizo nne ni zangu kweli. Jingine, kitabu hakikuoni. Kama kulikuwa na kipigo cha kuumiza au kuguswa vibaya, au usiku hulali na unawaza kujidhuru, hapo tafuta mtu wa kukaa nae, hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii, na mtoto ambae yuko ndani ya hali hiyo sasa hivi hapa Tanzania namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure kupiga.

Najua wengi wanaogopa radhi. Hata mi niliogopa, nilikificha kile kitabu chini ya godoro kama cha uchafu. Lakini adabu kwa mama sijaivunja hata siku moja, na kukiri kwamba lilitokea sijaona limempunguzia nini. Sijamsomesha mama kitabu wala sijamwita kwenye kikao. Nilichofanya, akipiga simu usiku kuanza yale, safari hii ni ya kaka yangu na mkewe, namwambia mama hilo naomba ulipeleke kwa mama mkubwa, mi niambie presha yako imefika ngapi. Mara ya kwanza alinyamaza nikawa nasikia feni yake tu, akakata. Nililia siku ile. Mara ya pili akasema kwa hiyo hunitaki, nikamwambia nakutaka mama, hilo tu ndo zito kwangu. Mara ya tatu, ilikuwa saa tatu usiku, akanambia keshaongea na mama mkubwa jioni, wamecheka sana. Halafu akaniuliza umekula? Nikamwambia nimekula, wali na samaki. Akauliza huyo samaki umemtia nazi au umemkaanga tu.