Kimondo Kikipasuka Angani, Kaa Mbali na Dirisha

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 2013, wakazi wa Chelyabinsk, mji wa Urusi ulio karibu na milima ya Ural, waliona mwanga ukipasua anga, ukali wake ukilishinda jua kwa muda mfupi. Kisha kimya. Wengi walifanya ambalo hata mimi huenda ningelifanya: walisogea dirishani kutazama kulikoni. Dakika mbili na ushei baadaye kishindo kikafika, na vioo vikawarukia usoni. Watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo hivyo. Hakuna aliyekufa.

Mwanga ule ulitoka kwa kimondo, yaani jiwe la anga za mbali linaloingia kwenye angahewa ya dunia. Jiwe lenyewe lilikuwa na upana wa mita 20 hivi, likienda kilomita 19 kwa sekunde. Hapo ndipo watu hutuuliza: jiwe zima linavunjwaje na hewa? Hewa ni laini ukiipita taratibu. Kwa kasi ile haiwahi kupisha. Hujazana mbele ya jiwe, ikabanwa na kupata joto kali, huku nyuma yake kukiwa karibu patupu. Jiwe ambalo tayari lina nyufa haliwezi kuhimili tofauti hiyo, humeguka. Vipande navyo hukabiliana na hewa kwa eneo kubwa zaidi, vikameguka tena, na nguvu yote ya mwendo ikatoka kwa mara moja. Mlipuko ni huo. Hakuna baruti ndani yake, ingawa nguvu iliyotoka Chelyabinsk ilikuwa kubwa kuliko ya bomu la Hiroshima takribani mara 30.

Kilichouokoa mji ule ni kimo. Jiwe lilipasuka kilomita 30 hivi juu ya ardhi, na wimbi la mshtuko, yaani msukumo wa hewa wa mlipuko, likapungua nguvu njiani. Tunguska, huko Siberia, tarehe 30 Juni 1908, jiwe kubwa zaidi lilipasuka chini zaidi, likaangusha msitu wenye eneo la kilomita za mraba 2,000 hivi. Leonid Kulik, mtafiti wa vimondo wa Kisovieti, alipofika mahali hapo mwaka 1927 alitarajia kukuta shimo kubwa. Hakukuta. Alikuta miti imelala ikielekea nje pande zote, na katikati kabisa miti mingine imesimama wima bila matawi, kwa kuwa pigo liliishukia kutoka juu.

Vimondo tuvionavyo usiku kwa kawaida ni chembe zisizozidi punje ya mchanga. Hizo zisimtishe mtu. Mawe makubwa ni nadra, na kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia ni maji, mengi hupasukia mbali na watu. Tarehe 18 Desemba 2018 moja lilipasuka juu ya bahari ya Bering, na wengi wetu tulikuja kupata habari miezi kadhaa baadaye.

Je, hayaonekani mapema? Wakati mwingine huonekana. Mwezi Oktoba 2008 jiwe la mita 4 hivi liligunduliwa saa zipatazo 20 kabla ya kuingia angahewani juu ya jangwa la Nubia, Sudan, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum wakaenda kuokota vipande vyake. La Chelyabinsk lilitokea upande wa jua, ambako darubini za ardhini hazioni kitu. Kwa sababu hiyo NASA inaandaa darubini ya angani, NEO Surveyor, itakayotafuta mawe haya kwa joto lake.

Kwa hiyo ukiuona mwanga wa ghafla usio wa radi, usiende dirishani. Lala chini au ingia mvunguni mwa meza, ulipe dirisha kisogo, na ukae hapo dakika kadhaa hata kama kuko kimya kabisa. Mwanga hufika papo hapo, sauti huchelewa. Mwalimu mmoja wa Chelyabinsk aliwaamuru wanafunzi wake waingie chini ya madawati. Yeye alikatwa na kioo mkononi. Watoto wote walitoka salama.