Teke halipimi upepo

Kila Desemba gereji yetu hapa Kwa Mrombo, Arusha, hujaa magari yaliyopanda kutoka Dar. Mtu kaja kula sikukuu nyumbani, buti limeshiba, keria nayo ina mizigo. Anashuka, anazunguka gari, anapiga kila tairi teke, halafu: "Fundi, upepo uko vizuri, we nicheki breki tu."

Nashika matairi mwaka wa 14 sasa, na mguu wangu bado haujui kutofautisha psi 32 (psi ndiyo kipimo cha upepo) na psi 24. Jicho nalo linadanganya. Kuta za matairi ya siku hizi ni laini: zinabonyea kidogo hata upepo ukiwa kamili, na zinaonekana zimesimama hata robo ya upepo ikiwa imeshaondoka. Geji ndogo ya mkononi haimalizi nafasi kwenye dashibodi. Inunue.

Siku za kurudi ndiyo nasikia kubwa kuliko: "Punguza kidogo bwana, lami ya Same ni moto, lisije likapasuka." Ni kinyume kabisa. Ukienda kilomita 100 kwa saa, tairi la gari dogo linazunguka zaidi ya mara 800 kwa dakika, na kila mzunguko ukuta wake unakunjwa na kunyooshwa. Upepo ukipungua, unakunjwa zaidi, na kukunjwa huko ndiko kunakozaa joto la kuachanisha mpira na nyuzi zake. Tuliwahi kufungua tairi la Noah lililotembea na upepo mdogo, ukamwagika unga mweusi laini kama masizi ya sufuria. Huo ndio ukuta wenyewe, umejisaga kwa ndani, na kwa nje tairi lilikuwa linang'aa. Mwenye gari alitaka tuzibe pancha tu aondoke. Nikamchovya kidole kwenye ule unga, akanyamaza.

Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi siyo, ile ni mwisho wa uwezo wa tairi. Magari ya Japani mengi yameandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo: 220 ni karibu psi 32. Kama kuna namba mbili, kubwa ni ya gari lililojaa watu na mizigo, yaani gari lako la Desemba. Pima asubuhi kabla hujatembea. Tairi likiwa la moto geji itapanda, usilipunguze.

Kuna aliyeniuliza kama aongeze upepo kwa kuwa anashuka pwani. Swali zuri. Sisi tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi kuliko ya pwani, na geji hupima upepo wa ndani dhidi ya huo wa nje, kwa hiyo upepo uleule ukifika Dar geji itausoma pungufu kwa psi 2 hivi. Lakini ukijaza asubuhi ya hapa yenye nyuzi 15, na Dar ukakuta nyuzi 28, joto linakurudishia karibu psi 2. Ngoma droo. Na hiyo naitrojeni ya kuuziwa badala ya upepo, hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni asilimia 78. Gari langu linakula upepo wa kompresa.

Umri ndio watu hawautazami. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, analeta Harrier inayotoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi. Kashata, yaani meno ya tairi, zimejaa. "Fundi, haya hayajatembea." Shikamoo mzee, nikachuchumaa na tochi nikatafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho: 1113. Wiki ya 11, mwaka 2013. Nilipobonyeza ukuta kwa dole gumba, nyufa zikafunguka kama kisigino cha kiangazi. Mpira huzeeka kwa jua na hewa, gari litembee lisitembee. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka 5, na likifika 10 litoke hata kama bado linapendeza. Ukinunua la mtumba, soma hizo tarakimu kabla hujataja bei. Pitisha na kucha kwenye mifereji pia: lililochongwa upya lina kingo kali, na vile vinundu vya chini ya mfereji, vinavyoonyesha milimita 1.6 za mwisho, vimekatwa.

Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, ulikuwa mdogo. Upande mmoja, nenda alaimenti, magurudumu yakanyooshwe, kuna shimo ulilisalimia. Ukinunua mawili tu mapya, yafunge nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Wengi hapa wananibishia, lakini kwenye mvua, nyuma ikiteleza gari linageuka lenyewe.

Yule wa Desemba? Breki zake zilikuwa nzima. Matairi yalisoma 24, 26, 23 na 19. Tukatoa gunia la mchele na madumu ya mafuta ya kula ili kuifikia spea, ile nyembamba inayotaka psi 60. Ilikuwa na 11, na gari limeshatembea kilomita zaidi ya 600.

"Sasa pancha ingetoka wapi, fundi?"

Nikamwonyesha msumari kwenye lile la 19, kichwa chake kimeshang'arishwa na lami kama shilingi mpya.