"Shall" si "-ta-" kila mahali

Wiki iliyopita mteja alinirudishia tafsiri ya mkataba wa pango akiwa amekata kwa kalamu nyekundu maneno "anawajibika kukarabati" na kuandika juu yake "atakarabati", kwa hoja niliyokwisha kuichoka: kwamba shuleni alifundishwa kuwa "shall" ya Kiingereza ni alama ya wakati ujao, sawa na "-ta-" yetu.

Katika mkataba, neno hilo halitabiri jambo, bali linamfunga mtu. Mpangaji anayesoma kwamba "atakarabati bomba" anaweza kumwambia mwenye nyumba, maji yakiendelea kutiririka ukutani, "Nitakarabati, kwani nimekataa?", na sentensi yenyewe ndiyo iliyomfungulia mlango huo. Kwenye makatazo mambo huharibika zaidi, kwa sababu "shall not sublet" ikigeuzwa kuwa "hatampangisha mtu mwingine" husomeka kama ramli, ilhali kilichokusudiwa ni "haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine". Kwa upande wa sheria zilizotungwa, Tanzania ilikwisha kulimaliza suala hili katika kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1: "shall" inapotumika kukabidhi jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe, tofauti na "may", ambayo huacha hiari.

Wabishi hunitajia Katiba ya mwaka 1977, inayosema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano". Ni kweli, lakini ibara hiyo inaanzisha cheo, haimwamuru mtu kutenda lolote, na hapo "-ta-" inatosha kabisa.

Wapo pia wanaovuka mpaka upande wa pili na kudai kwamba neno hili ni amri isiyolegea kamwe, ingawa Mahakama ya Rufani imewahi kueleza kwamba "shall" ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai husomwa kwa kuzingatia kifungu cha 388, kinachouliza kama kasoro iliyotokea imesababisha haki kupotea. Wengine huamini kwamba hati isiyo na "shall" haina nguvu. Lakini Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inatumia "must" ("lazima"), na kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliondolewa "shall" mwaka 2007. Ama "Shall we begin?", hiyo ni "Tuanze?" tu.

Mteja wangu nilimrudishia "anawajibika" palepale pake, na safari hii nikamshauri aongeze idadi ya siku za kukamilisha ukarabati.