Sinema bubu na piano laivu: bubu sio kimya

Ukisikia maktaba fulani imetangaza usiku wa sinema bubu na piano laivu, usidhani watu wanaenda kukaa kimya kama wako kwenye mtihani. Sinema bubu ni zile muvi za kuanzia 1895 hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ukanda wake hauna sauti kabisa, waigizaji midomo inacheza ila husikii kitu, na pale ambapo lazima ujue mtu kasema nini picha inakatwa, wanaweka maandishi kidogo, unasoma, stori inaendelea. Na piano laivu maana yake kuna mtu kakaa pembeni ya skrini, anaangalia muvi hiyo hiyo mnayoiangalia nyie, na muziki anaupiga hapo hapo akiifuata.

Mi nalipenda neno letu kuliko la Waingereza. Wao wanasema sinema ya kimya, sisi tunasema bubu, na asiyeongea hajanyamaza, anaongea kwa mikono na uso na mwili mzima, ndo hasa wachekeshaji wa muvi hizo walichokuwa wanafanya. Charlie Chaplin alikuwa na rafiki yake mchoraji, kiziwi, anaitwa Granville Redmond, na alimpa hadi nafasi za kuigiza kwenye muvi zake, City Lights ya 1931 ikiwemo (nayo bubu, ingawa sauti ilishaingia). Yani wale jamaa waliijua lugha ya ishara kwa karibu.

Na ukumbini kimya hakikuwepo tangu siku ya kwanza. Tarehe 28 Desemba 1895 pale Paris, ndugu wawili Lumière walipoonyesha picha zao kwa kiingilio, piano ilikuwepo, na kati ya picha za siku ile kulikuwa na komedi moja fupi sana: mtu anamwagilia bustani, mtoto anakanyaga mpira wa maji, maji yanakata, mzee anachungulia mdomo wa mpira, mtoto anatoa mguu. Basi. Hamna neno hata moja na mpaka leo ukimwonyesha mtu anacheka.

Sasa huyu mpiga piano anafanya nini? Majumba makubwa yalikuwa na okestra nzima au kinanda kikubwa cha kama kanisani, lakini ya mitaani huko ilikuwa piano moja na mtu mmoja, usiku baada ya usiku. Kampuni za filamu zilikuja kuanza kutuma karatasi za maelekezo, hapa weka mziki wa harusi, hapa wanakimbizana, na 1924 mwongoza okestra mmoja, Erno Rapée, akatoa kitabu kizima cha noti ambacho pembeni mwa kurasa kuna orodha ya hali, vita, mazishi, treni, kukimbizana, ili mpigaji akiona jambo kwenye skrini afungue haraka ukurasa wake. Ila wengi walikuwa wanatoa kichwani tu, na wa leo wengi bado hivyo hivyo.

Kwenye komedi ndo kazi ngumu. Mtu anadhani kila anayeanguka unagonga piano pwaa, hapana, ukifanya hivyo dakika kumi watu wamechoka. Chukua Steamboat Bill, Jr. ya 1928, Buster Keaton kasimama, upande mzima wa nyumba unamdondokea, na yeye anapona kwa sababu dirisha limeangukia pale pale alipo (ukuta ule ulikuwa mzito kweli, sio boksi). Ukianza kupiga noti za kutisha kabla haujadondoka ushawaambia watu kitakachotokea, umeua utani. Au Safety Last! ya 1923, Harold Lloyd ananing'inia kwenye mshale wa saa ghorofani, mpigaji anapanda naye ghorofa moja moja, anakaza kidogo kidogo, alafu ukumbi ukilipuka kwa kicheko anashusha mkono, anaacha watu wacheke kwanza. Mziki wa kurekodi hauwezi hilo, wenyewe unaenda tu hata kama watu bado wamejishika mbavu. By the way Lloyd mkono wake wa kulia ulikuwa hauna kidole gumba na cha shahada, bomu la kuigizia lilimlipukia 1919, na muvi ile alipanda na glovu.

Kwetu sisi hili sio geni sana kusema kweli. Japani walikuwa na msimulizi anaitwa benshi, anasimama pembeni ya skrini na kuigiza sauti za wote, na watu walienda kumsikiliza yeye. Aliyekulia kwenye vibanda umiza vya Dar akiangalia muvi ya Kichina iliyotafsiriwa na Lufufu, au kule Kenya na DJ Afro, anaelewa bila kuelezwa.

Mbona maktaba sasa? Kwanza pesa. Marekani hakimiliki za muvi za enzi ile zinaisha baada ya miaka 95, kwa hiyo Safety Last! imekuwa ya umma tangu Januari 2019, maktaba hailipii kibali, inatafuta piano na mpigaji basi. Pili zinatunzwa na maktaba. Library of Congress, maktaba kuu ya taifa ya Marekani, wana ghala Culpeper, Virginia, mlimani, zamani benki kuu yao ilificha humo mabilioni ya dola kwa ajili ya vita ya nyuklia, leo mmejaa filamu, na kuna ukumbi wanakoonyesha sinema bubu na mziki laivu. Walihesabu 2013 wakakuta kama asilimia 70 ya muvi ndefu bubu za Marekani zimepotea kabisa.

Sauti ilipoingia, The Jazz Singer 1927 na zilizofuata, wapiga piano walikosa kazi, na viziwi wakakosa yale maandishi.

Ukibahatika kuhudhuria kaa upande wa piano. Mwangalie mpigaji macho, hayaendi kwenye vidole hata mara moja, yako kwenye skrini, na wakati mwingine anacheka na yeye.