Msumari, bodaboda, mbwa: maswali kuhusu majeraha ya ngozi

Dada nesi, nimekanyaga msumari saiti huku Mbagala nikiwa na kandambili. Damu ilitoka kidogo tu. Kweli nahitaji hospitali?

Unahitaji, na uende leo. Jeraha la kuchomwa ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu halitishi kwa macho. Msumari huacha tundu jembamba, refu. Ngozi inajifunga juu upesi na uchafu unabaki chini kusikofika hewa. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na hustawi pale pasipo na oksijeni. Watu husingizia kutu, lakini hata msumari mpya uliolala kwenye udongo unaweza kukuletea pepopunda. Dalili kwa kawaida huanza kati ya siku ya 3 na ya 21: taya linakaza, kisha shingo na mgongo. Osha kwa maji mengi na sabuni. Usichokonoe tundu kwa pini wala kulimwagia mafuta ya taa. Ukifika, sema chanjo ya mwisho ya pepopunda ulichoma lini. Kwa jeraha chafu, ikiwa imepita miaka 5, utachomwa nyingine.

Nilianguka na bodaboda, goti lote limechubuka. Mbona linauma kuliko kukatwa na kisu?

Mchubuko huondoa ngozi ya juu kwenye eneo pana, na mishipa mingi ya fahamu inabaki wazi. Toa mchanga wote, kisha funika kwa kitambaa safi. Unga wa vidonge vya rangi mbili usinyunyize, tafadhali. Kisu nacho kina hatari yake: ukikandamiza dakika 15 na damu haijakata, au midomo ya jeraha imeachana, kashonwe siku hiyohiyo.

Na kuungua na bomba la moshi la pikipiki?

Maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Bomba la maji likiwa kavu, mimina kwa kata kutoka kwenye ndoo. Dawa ya meno hapana, lengelenge usilipasue.

Mbwa wa mtaani amemparura mwanangu kwa meno, ngozi imekwaruzika tu.

Mkwaruzo unatosha kupitisha kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Osha kwa sabuni na maji dakika 15, halafu mpeleke akachanjwe leo hii. Usianze kumtafuta mwenye mbwa.