Ndimu haisafishi jiwe la marumaru, inalila

Nikiitwa kwenye nyumba za Mwanga au Bangwe, mjini Kigoma, kuangalia meza ya jikoni "iliyofubaa", swali langu la kwanza ni moja: mnaifuta na nini? Jibu nalijua kabla sijajibiwa. Ndimu, kwa sababu inakata shombo la dagaa. Shombo inakata, sikatai, na vigae vya kiwandani haiwezi kuvidhuru. Lakini marumaru ya asili ni kalsiamu kaboneti, na asidi ikiigusa inaiyeyusha. Haihitaji siku nzima. Dakika chache zinatosha.

Inama, tazama meza kwa pembeni, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako. Utaliona duara hafifu lisilong'aa, ukubwa uleule wa kipande cha ndimu kilicholazwa pale. Watu wanaliita doa, kisha wanalisugua kwa ndimu nyingine! Jamani, hapo hakuna uchafu wa kutoa. Ngozi ya jiwe imeshalika, na dawa yake ni fundi aje aipige polishi upya kwa pedi za almasi. Siki ni yaleyale. Asidi ya chooni ni mbaya zaidi, na terazo nayo haiponi, kwa sababu saruji yake pia inaliwa na asidi. Ukiichanganya asidi hiyo na dawa ya klorini, inatoka gesi ya sumu.

"Lakini fundi alishapaka dawa ya kuziba vitundu." Dawa hiyo huchelewesha mafuta kupenya. Lakini haizuii asidi.

Graniti haiogopi ndimu, ila isipozibwa hunywa mawese. Dondoshea maji, subiri dakika kumi; pakiwa peusi, inahitaji kuzibwa.

Kusugua kwa mchanga wa ziwani? Hapana. Mchanga una kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Marumaru ni 3 tu. Utaichora.

Kila siku tumia maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na kitambaa laini, halafu kausha. Kukausha ndiko wengi wanakokuruka, na ndiko ninakokusisitiza kuliko yote.

Mawese yakishaingia, koroga baking soda na maji iwe nzito, pakaza juu ya doa, funika kwa nailoni saa 24, kisha ifute. Doa la zamani hurudiwa mara mbili au tatu.