Laptop mpya ikiwa nzito, Windows 10 si dawa yake

"Fundi, nipigie Windows 10, hii 11 nzito." Ombi hili linaletwa juu ya mashine ambayo haijamaliza siku tatu tangu itoke kwenye boksi, na anayelileta ameshaamua. Kinachoniudhi zaidi ni fundi anayechomeka flashi papo hapo bila kuuliza swali hata moja. Anamharibia mtu kompyuta.

Laptop mpya ikionja intaneti mara ya kwanza inapakua apdeti za miezi kadhaa, draiva (programu zinazoendesha vifaa) na programu za Microsoft Store. Wakati huohuo huduma ya kutafuta inaorodhesha mafaili, OneDrive inapandisha Desktop yako mtandaoni, na antivairasi ya majaribio iliyowekwa kiwandani inakagua kila kitu. Mashine yoyote italemewa. Iache kwenye chaji na intaneti ya kutosha siku moja au mbili, iwashe upya mpaka apdeti ziishe. Ondoa hiyo antivairasi ya majaribio, Defender, kinga ya Windows yenyewe, itashika zamu. Ingia Task Manager, upande wa Startup, zima usivyovihitaji. Baada ya hapo ndipo upime.

Na kupima kwenyewe watu wanakosea. Mtu anafungua Task Manager, anaona RAM 62% na hajafungua kitu, anatoa hukumu kwamba Windows 11 "inakula RAM". Asilimia ile haikuambii kama mashine imebanwa. Programu zikiona nafasi zinatanuka, na nafasi ikipungua Windows inazikamua. Bonyeza Performance, kisha Memory, utazame "Committed". Kuna namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju: ya kwanza ni kumbukumbu ambayo programu zimeshaahidiwa, ya pili ni kikomo, yaani RAM pamoja na pagefile, sehemu ya diski inayoisaidia RAM. Kwenye mashine ya GB 8, namba ya kwanza ikiwa 5 na kitu wakati unafanya kazi zako za kawaida, huna tatizo la RAM. Ikiwa 11 au 12 huku Disk imeganda kwenye 100%, umebanwa, na dawa yake ni kuongeza RAM.

Hapohapo chini kuna mstari unaosema "Hardware reserved". Kwenye laptop zisizo na kadi ya picha ya pekee, BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, inaweza kukata sehemu ya RAM na kuipa picha, ndiyo maana mtu anauziwa GB 8 na Windows inamwonyesha 7 au hata chini ya hapo. Anadhani Windows 11 imeiba. Kipande hicho kimekatwa kabla Windows yoyote haijaamka, na kupiga Windows 10 hakutakurudishia hata MB moja.

Mahali ninapositasita ni kwenye laptop za RAM GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, isiyoongezeka, zenye diski ya polepole ya eMMC ya GB 64. Kwenye karatasi zinatimiza masharti ya Windows 11, kwa sababu Microsoft yenyewe imeandika RAM GB 4 na diski GB 64 kuwa kiwango cha chini. Kiuhalisia zinateseka, na Windows 10 inazipa nafuu kidogo. Nafuu hiyo ipo, sitaikana. Lakini ukifungua kurasa sita za Chrome unarudi palepale. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anataka kununua, nasema bila kuuma maneno: usiinunue.

Sababu ya pili ninayoletewa ni programu inayokataa kuingia. Kwanza nenda Settings, System, Activation. Ukikuta maneno "S mode", umepata jibu: hali hiyo inaruhusu programu za Store peke yake. Kutoka ni bure, unapitia Store, na ukishatoka hurudi tena. Kuna waliofuta mfumo mzima kwa kosa la dakika mbili.

Programu za zamani sana ni suala jingine. Zile za biti 16, za enzi za DOS na Windows 3.1, haziwezi kufanya kazi kwenye Windows yoyote ya biti 64. Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Kwa hiyo mtu anarudi Windows 10, fundi anampigia ya biti 64 kama kawaida, na programu inakataa vilevile. Faida ingepatikana kwenye Windows 10 ya biti 32, ambayo haitumii RAM zaidi ya GB 4, tena kwa laptop mpya draiva zake utazitafuta usizipate. Programu ya namna hiyo ifungie ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo wa zamani ndani ya mfumo wako, laptop ibaki salama.

Printa na vifaa vya zamani? Draiva ya biti 64 ya Windows 10 kwa kawaida inakubali kwenye 11, maana kiini cha mfumo ni kilekile na bado kinajitambulisha kwa namba 10.0. Ikikataa, tazama Windows Security, Device security, Core isolation: "Memory integrity" inazuia draiva zenye kasoro za usalama. Ukiizima kifaa kitaamka, ila umepunguza kinga ya mashine nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Kwa kompyuta ya kaunta isiyogusa intaneti naweza kukubali. Kwa laptop ya kuingilia benki, nanunua kifaa kipya.

Maofisini lipo moja linalosingiziwa kila mara. Toleo la 24H2 la Windows 11 likiwa Pro, folda za pamoja zilizokuwa zinafunguka bila nywila zinagoma, na skana iliyozoea kusukuma mafaili kwenye kompyuta inaweza kugoma nayo. Sababu ni kwamba Windows sasa inadai saini kwenye mawasiliano ya SMB, njia yake ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, na imefunga mlango wa mgeni asiye na jina. Tengeneza mtumiaji mwenye nywila kwenye kompyuta inayotoa folda, jaza jina hilo kwenye kompyuta nyingine na kwenye skana. Skana ikiwa ya zamani mno isiyojua saini, ndipo utafakari kulegeza sharti hilo.

Sasa uzito wa upande wa pili. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nyongeza ya viraka vya usalama kwa watumiaji wa nyumbani inafika tarehe 13 Oktoba 2026, na lazima uwe na toleo la 22H2. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea, zile zenye viini vikubwa na vidogo pamoja, zina kifaa cha kuuambia mfumo kazi gani iende kiini gani, na Windows 10 haikijui. Wi-Fi ya 6 GHz utaikosa. Laptop zenye prosesa za Snapdragon X usijaribu kabisa kuzipiga Windows 10.

Kama bado una sababu, mfano programu ya kazini ambayo aliyeitengeneza amesema wazi anahudumia Windows 10 tu, fanya hivi. Leseni ya Pro iliyokuja na laptop inakupa haki ya kurudi Windows 10 Pro. Home haina haki hiyo. Tengeneza Recovery Drive, yaani flashi ya kurudisha mfumo wa kiwandani, kwenye flashi ya GB 32, kwa sababu ukifuta partisheni zote umefuta na njia ya kurudi ya kiwandani. Nakili ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48. Kisha toa draiva zote, ukifungua Command Prompt kama msimamizi, D: ikiwa flashi nyingine yenye folda tupu iitwayo draiva:

dism /online /export-driver /destination:D:\draiva

Kwenye Intel za kizazi cha 11 kwenda juu, wengi hukwama dirisha la kuchagua diski likiwa tupu kabisa. SSD haijafa. Iko nyuma ya VMD, kidhibiti cha diski cha Intel, na kisakinishi cha Windows 10 hakina draiva yake. Bonyeza "Load driver", uonyeshe folda yenye iaStorVD.inf, mara nyingi imo ndani ya zile ulizotoa. Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS. Inafanya kazi, lakini ukiizima kisha ukajuta na kutaka kuwasha Windows 11 iliyokuwemo, utakutana na kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE mpaka uiwashe tena VMD.

Windows 10 ikishaingia, Wi-Fi pengine haitaonekana na touchpad inaweza kuwa imelala, basi uwe na mausi ya USB. Chomeka flashi ya draiva, angalia imepewa herufi gani, kisha:

pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install

Zikibaki alama za njano kwenye Device Manager, unganisha simu kwa kebo, washa USB tethering ili kompyuta itumie intaneti ya simu, uiache Windows Update itafute. Usifute Recovery Drive kabla sauti, kamera, Wi-Fi na hali ya kulala havijafanya kazi wiki nzima.